Naivasha Kwenda na Kurudi Siku Hiyo Hiyo: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari zilizotufikia mwezi huu karibu zote zinataja mji mmoja. Naivasha iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ina ziwa la maji matamu, viboko, samaki, na mbuga ya Hell's Gate, ambayo unaruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli. Tumechagua maswali yaliyojirudia. Bei tunazotaja ni za kukupa picha tu. Wenye boti na wenye matatu hupandisha na kushusha kwa kalenda zao wenyewe.

Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto wetu, wa miaka 6 na 9, Jumamosi kwa gari letu. Orodha yetu: boti, Crescent Island, Hell's Gate, samaki, halafu viewpoint ya Bonde la Ufa tukirudi. Tuondoke saa ngapi, na ni heri njia ya juu au ya chini?
*Mama wa wawili, Donholm*

Mama, hiyo ni orodha ya siku mbili. Kateni Hell's Gate sasa hivi mkiwa mezani, maana mkiibeba mtaikata tu saa kumi jioni, watoto wamechoka na mmoja analia kiti cha nyuma. Boti, kisiwa na samaki vinatosha kabisa kwa umri huo.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri gari liwe linatoka getini, si ndipo mtu anaanza kutafuta soksi. Kinachowaharakisha ni ziwa lenyewe. Asubuhi maji ya Naivasha hutulia kama kioo. Jua likishalipasha Bonde la Ufa, upepo huanza, na kwa kuwa ziwa hili halina kina kirefu, mawimbi huinuka haraka. Hata jina linasema hivyo: Wamaasai waliliita Nai'posha, maji yanayochafuka. Mtu anayepanda boti saa mbili na nusu asubuhi na anayepanda saa nane mchana hawasafiri katika ziwa moja. Wa pili atarudi amelowa, na mtoto wa miaka sita atakuwa amekwisha kuapa kwamba hapandi boti tena.

Njia zinaachana Rironi, karibu na Limuru. Ya juu hupitia Kinale, Soko Mjinga na Kinungi. Ya chini hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha hupita chini ya Mlima Longonot. Urefu haupishani sana. Tofauti ni malori: mengi makubwa hupita chini, barabara ni nyembamba, na lori moja lililochoka mlimani linaweza kuburuta mkia wa magari hamsini.

Kwa kuwa mnataka viewpoint, pitieni chini mkienda na juu mkirudi. Mkishuka kutoka Nairobi, bonde liko mkono wa kushoto, kwa hiyo mnaingia maegesho ya viewpoint bila kukata leni ya magari yanayopanda. Mkirudi itabidi mkatize, kwenye kona, mbele ya malori yaliyo mbioni kutafuta kasi ya kupandia mlima. Tena asubuhi jua liko mgongoni na bonde lote liko wazi mbele, ilhali jioni mnapiga picha za mwanga mtupu. Dakika kumi na tano zinatosha. Wauzaji wa ngozi za kondoo na vinyago ni waungwana, lakini anayekukabidhi darubini "uangalie tu" huenda akadai malipo, basi uliza kwanza. Chini ya mteremko, kando ya barabara, kuna kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Wataliani waliokuwa wakiijenga barabara hiyo. Watoto hulipenda kwa udogo wake.

Baba atakayeshika usukani azingatie hili: mteremko huo hushukwa kwa gia, si kwa breki. Gari la gia za mkono, tumia ya tatu au ya pili. La otomatiki, sogeza kwenye 2, L, S au B, kutegemea gari. Ukishikilia breki muda mrefu zinapata joto, unaanza kunusa harufu ya kitu kinachoungua, kisha pedali inakuwa laini na kuzama. Hiyo maana yake mafuta ya breki yamechemka. Ukifika hapo, punguza gia, tafuta pahali pa kuegesha, na uache magurudumu yapoe kwa nusu saa bila kuyamwagia maji.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, pitieni juu kwenda na kurudi. Upande wa Mai Mahiu hupokea maji yote ya ukingo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yalifagia kijiji cha Kamuchiri na kuua makumi ya watu. Njia ya juu nayo ina ukungu mzito Kinale na mteremko wenye historia mbaya ya ajali kutoka Kinungi hadi Karai, basi si mahali pa kushindana na mtu. Na kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2025, inagusa njia zote mbili. Ongezeni nusu saa ya michepuko katika hesabu yenu.

Mafuta: kilomita 180 za kwenda na kurudi na 40 za kuzunguka huko ni 220. Gari linalokwenda kilomita 11 kwa lita litakula lita 20. Jazeni Nairobi usiku wa kuamkia safari.

Mkimaliza kula saa saba, mna hadi saa tisa na nusu kuondoka. Jumamosi inavumilia. Jumapili ingekuwa hadithi nyingine, na tutaifikia.

Tuko watano, hatuna gari. Matatu zinapatikana wapi na tutajipangaje ili tusilale huko?
*Wafanyakazi wa duka moja, River Road*

Mko karibu na jawabu. Matatu za Naivasha hupakia upande wa Nyamakima. Ni zile za abiria 14, huondoka zikijaa, na ninyi watano tayari ni zaidi ya thuluthi ya gari. Fikeni saa kumi na mbili asubuhi. Nauli mara nyingi huwa kati ya shilingi 300 na 500, na safari ni saa moja na nusu hadi mbili.

Panda inayosema Naivasha, si ya Nakuru hata kama makanga anaapa kwamba "tunapita hapo hapo". Ni kweli inapita, lakini barabara kuu haiingii mjini. Mtashushwa kando ya barabara na kulazimika kutafuta boda boda kabla hata hamjaamka vizuri.

Mjini badilisheni. Ziwa halionekani kutoka steji, na wageni wengi hupoteza saa nzima wakilitafuta kwa miguu. Matatu za Kongoni hufuata Moi South Lake Road, barabara inayozunguka upande wa kusini wa ziwa. Mwambie makanga unakoshuka kwa jina: Karagita kwa ufuo wa umma ulio karibu na mji, njia panda ya Elsa Gate kwa Hell's Gate, Kamere kwa samaki na boti mbali kidogo na kelele. Lipa nauli ya kipande chako tu.

Kurudi ndiko kunakoangusha watu. Jumapili jioni matatu zinazotoka Nakuru hupita Naivasha zikiwa zimejaa pomoni, na za Naivasha hupandisha nauli kwa sababu zinajua. Muwe kwenye steji ya mjini kabla ya saa kumi. Kumbukeni pia kwamba jioni Moi South Lake Road hujaa mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, hivyo kilomita chache kutoka Kamere hadi mjini zinaweza kuchukua muda msioutarajia.

Safari iliyopita tuliambiwa bei ya boti, tukalipa, kisha katikati ya ziwa tukaambiwa Crescent Island ni pesa nyingine. Boti hupangwaje? Na tutajuaje ni salama, hasa kwa viboko?
*Msomaji wa Kasarani*

Boti hukodishwa nzima kwa saa, si kwa kichwa. Ikiwa ya watu saba, mlipe bei moja mkiwa wawili au saba. Bei ya kuanzia mazungumzo huwa shilingi 3,000 hadi 4,000 kwa saa. Kwenye fuo za umma huteremka, kwenye hoteli hupanda. Crescent Island ni hifadhi ya watu binafsi yenye kiingilio chake kwa kila mgeni, kwa hiyo aliyewadai pesa nyingine hakudanganya kuhusu ada. Alikosea kuinyamazia. Kabla ya kutoa shilingi, ukiwa bado umekanyaga ardhi, uliza: bei ni ya boti au ya mtu, ni ya dakika ngapi na saa inaanza kuhesabiwa lini, kiingilio cha kisiwa kimo au hakimo, na tukishuka kisiwani nahodha atatungoja kwa bei hiyo hiyo au saa inaendelea kukimbia? Swali la mwisho ndilo watu husahau. Kutembea kisiwani kwa utulivu huchukua saa moja na nusu, na kama muda unaendelea kuhesabiwa, utalipia boti iliyoegeshwa.

Sasa usalama. Shika jaketi la kuokoa maisha kwa mikono yako. Liminye: povu zima hurudi umbo lake, lililochakaa hubaki limebonyea au hukatikakatika ndani kama mkate mkavu. Funga vifungo vyote, kisha mwombe mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwako, na majini litakupita kichwani. Mtoto avae la mtoto. La mtu mzima lililokazwa kwa kamba halimsaidii. Angalia kama botini mna kafi hata moja, kwa sababu injini huzimika na upepo wa alasiri hausubiri fundi. Nahodha akijaza mtu wa nane katika boti ya saba, shuka. Aibu ya kushuka huisha kabla hujafika Karagita.

Kuhusu viboko, kuna jambo ambalo picha hazionyeshi. Kiboko haogelei juu juu. Hutembea akikanyaga sakafu ya ziwa, na aliyekomaa anaweza kukaa chini dakika tano hivi bila kuvuta pumzi. Kundi ulilolihesabia vichwa sita linaweza kuwa na wanane. Nahodha mzuri husimama mbali, injini ikinguruma taratibu, na hajiingizi kamwe kati ya kundi na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko wanakokimbilia wakishtuka. Ukiona nahodha anakata kona kuelekea kwao ili upate picha, mwambie arudi nyuma. Wengi hufanya hivyo kwa kudhani ndicho unachotaka na ndicho kitakacholeta bahashishi. Nchi kavu sheria ni hiyo hiyo ikiwa imepinduliwa: usisimame kati ya kiboko na ziwa. Hutoka kula majani jua likizama, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni ufuo wa nyasi si uwanja wa watoto. Na hakuna kuogelea, hata "miguu tu".

Hatari nyingine ni mpya kidogo. Ziwa limepanda sana miaka hii. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha ulimezwa na maji mwaka 2020, na tena 2025. Kando ya ufuo utaona migunga iliyokufa imesimama majini, minandi wametua juu wakikausha mabawa. Inapendeza, lakini chini kuna visiki na nguzo za ua ambazo hazionekani, na panga la injini hulijua hilo kwa kuvunjika. Kwa hiyo boti ikienda polepole dakika kumi za kwanza, usimharakishe nahodha. Anajua anachokikwepa.

Muulize kama atamwita furukombe, tai mla samaki. Nahodha hushika samaki mdogo, hupiga mluzi mrefu, kisha humrusha hewani aanguke mita ishirini hivi kutoka botini. Ndege huachia tawi bila haraka, hushuka akiwa amenyoosha makucha, na unasikia mchapo mmoja tu wa maji. Kamera iwe tayari kabla ya mluzi, kwa kuwa ukisubiri kumwona ameruka umechelewa.

Samaki wa kula ziwani ni yupi, na ni salama kwa mtoto wa miaka mitatu?
*Baba Amani, Kitengela*

Vibandani utakuta wa aina mbili hasa. Tilapia unamjua. Wa pili ni kapi, samaki mnene mwenye magamba makubwa aliyejipenyeza ziwani humu kama robo karne iliyopita na sasa hupatikana kwa wingi. Kapi ana nyama nyingi na bei nafuu, lakini nyama yake imejaa vijiba vyembamba vyenye ncha mbili, vilivyolala katikati ya minofu wala havijashikana na uti wa mgongo. Mtu mzima huvitema. Mtoto wa miaka mitatu hawezi. Mpe tilapia, upande wa mgongoni karibu na kichwa, na uichambue nyama kwa vidole, kwani uma hauhisi mwiba.

Samaki huuzwa kwa ukubwa, hivyo chagua akiwa mbichi: jicho linalong'aa na lililotuna, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Taja bei pamoja na ugali, mboga na kachumbari kabla hajatumbukizwa kwenye mafuta. Agiza kabla ya kupanda boti na useme mtarudi saa ngapi. Ukiagiza ukiwa umeshika njaa, saa sita na nusu ya wikendi, utangoja karibu saa nzima. Kuna pia kamba wekundu wenye asili ya Louisiana, Marekani, walioingizwa ziwani mwaka 1970. Wapo wanaowapenda. Sisi tunaona ni kazi nyingi kwa nyama kidogo.

Tunataka kuendesha baiskeli Hell's Gate kisha tuingie kwenye korongo. Sijawahi kuendesha tangu shule ya msingi. Nitaweza?
*Msomaji wa Roysambu*

Utaweza, ukikagua baiskeli kabla ya kulipa. Kutoka Elsa Gate hadi lilipo korongo la Ol Njorowa ni kilomita 8 hivi, barabara ya vumbi, nyingi tambarare. Kwa mwendo wa kusimama na kupiga picha ni saa moja hadi moja na nusu kila upande. Kinachomchosha mtu ni baiskeli mbovu.

Zinakodishwa karibu na njia panda na karibu na geti, kama shilingi 500 hadi 1,000 kwa siku. Fanya hivi: inua gurudumu la mbele ulizungushe, likiyumba au kugusa breki, iache. Bana breki zote mbili na usukume baiskeli mbele, magurudumu yasizunguke hata kidogo. Kaa kwenye kiti na unyooshe mguu, goti libaki limepinda kidogo tu. Kiti kilicho chini mno ndicho sababu ya watu wengi kurudi wakichechemea, na kukipandisha ni kazi ya spana na dakika moja. Badilisha gia zote ukiwa bado hapo. Omba pampu na mpira wa ndani wa akiba, na upige picha ya baiskeli kabla ya kuondoka, msije mkabishana juu ya mkwaruzo jioni.

Mbuga ni ndogo, kilomita za mraba 68 na ushee, na ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984. Haina simba wa kukufanya ujute, ndiyo maana baiskeli zinaruhusiwa. Ina nyati, hata hivyo, na nyati hapendi kushtukizwa. Ukiwaona karibu na barabara simama, shuka, ngoja wapite au ungoje gari likufunike upande. Usipige kengele. Pundamilia, kongoni na ngiri watakuacha upite. Nyani hawatakuacha na mkate wako.

Kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, na getini hawapokei pesa taslimu. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, lipa, na uhifadhi picha ya risiti kwenye simu. Foleni unayoiona getini saa tatu asubuhi ni ya watu wanaotafuta neno la siri walilolisahau. Viwango vya raia, wakazi na wageni vinatofautiana, kwa hiyo beba kitambulisho halisi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Beba chupa ya kujaza tena, lita mbili kwa kila mtu.

Kuhusu korongo, uliza getini asubuhi hiyo hiyo kama liko wazi na ni sehemu ipi. Likiwa wazi, ingia na mwongozaji. Na wingu likitanda upande wowote wa upeo, usishuke. Korongo hilo ni mfereji: mvua hunyesha mbali, juu ya vilima usivyoviona, na maji hufika ulipo huku jua likiwaka. Kuta ni laini na wima, na sehemu nyingine hakuna pa kupandia. Tarehe 1 Septemba 2019 watu saba walifariki humo kwa namna hiyo. Usiweke mkono kwenye vijito vinavyotoa mvuke pia. Maji yanapashwa na joto la ardhini lile lile linalozalisha umeme wa Olkaria, nayo huunguza.

Nimesikia treni ya SGR inafika Naivasha. Si ni rahisi zaidi?
*Msomaji wa Syokimau*

Jina ndilo linalopotosha. Reli iliyofunguliwa Oktoba 2019 inapita Ongata Rongai, Ngong na Mai Mahiu hadi Suswa. "Bandari kavu ya Naivasha" iko upande wa Mai Mahiu, na kutoka hapo hadi mjini Naivasha bado kuna zaidi ya kilomita 30 za matatu. Ni safari nzuri ya kutazama bonde kupitia dirishani, watoto huifurahia, lakini huwezi kuipanga pamoja na boti ya asubuhi.

Je, tunaweza kupanda Longonot asubuhi, halafu boti mchana?
*Kikundi cha watembeaji, Ngong Road*

Nusu yake, ndiyo. Kutoka geti hadi mdomo wa kreta ni kilomita 3.1, saa moja hadi moja na nusu. Kuzunguka mdomo ni 7.2 nyingine, na zinapita kileleni penye mita 2,776. Mkianza saa kumi na mbili na nusu, mkafika mdomoni na kugeuka, mtakuwa chini saa nne na ziwani kabla upepo haujakolea. Mkizunguka, sahauni boti. Mtafika saa nane, miguu ikitetemeka, na ziwa nalo likitetemeka. Mlimani hakuna maji, kwa hiyo lita tatu kila mtu. Udongo ni majivu ya volkano yanayoteleza kama mtama uliomwagika, hasa wakati wa kushuka, hivyo raba zenye soli bapa zitawaangusha. Geti liko kwenye njia ya chini.

Mama yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua. Anatoka Dar, na angependa sana kuliona ziwa. Tutaenda Jumapili kwa sababu ndiyo siku yangu ya mapumziko. Unashauri nini?
*Msomaji wa South B*

Shikamoo yetu imfikie mama. Boti si lazima. Kupanda boti kwenye fuo za umma mara nyingi ni kuruka kutoka jiwe au ubao hadi ndani ya chombo kinachoyumba, na hilo ni tatizo la goti. Akitaka sana, tafuta hoteli yenye gati la mbao lililo usawa na boti, piga simu siku moja kabla na uulize swali hilo hasa: "Mtu asiyeweza kukunja goti anaingia vipi?" Jibu likiwa "tutambeba", tafuta kwingine. Asipotaka, hoteli nyingi za Moi South Lake Road hupokea wageni wa mchana kwa chai au chakula. Kivuli cha migunga, kiti chenye mgongo, na ziwa mbele yake. Tumbili watakuja kutazama sukari, mwambie afunike bakuli.

Mletee shali na soksi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Dar atahisi baridi saa mbili asubuhi hata Februari, halafu saa sita atachomwa na jua asilolitarajia. Kofia na maji ya kutosha. Kabla ya kupanda Kinungi mnaporudi, simameni mjini aende msalani, kwa sababu mkikwama mlimani hakuna mahali.

Na mtakwama, mkichelewa. Jumapili kuanzia saa tisa hivi magari ya Nakuru, Gilgil na Naivasha hukutana kwenye barabara moja, wenye haraka huunda leni ya tatu pasipo na leni, na kilomita 90 huwa saa nne au tano. Wikendi ya mbio za magari za Safari Rally, ambazo tangu 2021 huendeshwa Naivasha na miaka hii huangukia Machi, usijaribu kabisa na mgonjwa wa magoti. Jumapili ya kawaida, ondokeni Nairobi saa kumi na mbili, chai ziwani saa tatu, chakula saa tano na nusu, na saa saba mchana gari liwe limeelekea nyumbani. Mahindi ya kuchoma ya mama mnunulieni Kinale, muyale gari likitembea.